Kitambaa cha binti na amana ya ubunifu

Mzazi mmoja ametufikia na dukuduku. Binti yake anasomea ubunifu wa mavazi, na ili ahitimu ametakiwa abuni kitambaa chake mwenyewe, kisha akishone gauni. Mzazi anauliza: kuna haja gani ya kugharimia nta na rangi ilhali maduka yamejaa vitambaa?

Tunasema haja ipo, tena kubwa. Na aitazame kanga aliyojifunga mama yake. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, wanawake wa pwani yetu walichukua vitambaa vya mkononi vilivyoletwa na wafanyabiashara wa Kireno, wakaviunga sita pamoja, wakapata vazi lisilokuwapo dukani. Hata jina leso lina asili ya Kireno. Maneno yaliongezwa baadaye, kwanza kwa hati za Kiarabu, kisha za Kirumi. Kumbe urithi tunaojivunia ulianza kwa wanawake ambao hawakutosheka na walichouziwa.

Kanga hiyo hiyo ni mwalimu wa binti. Ina pindo pande zote nne, mji katikati, na jina lake. Fundi akiikata ovyo kushona gauni, pindo huangukia kwapani na jina hukatika nusu ya neno. Abuniye kitambaa chake huepukana na hayo. Aanze na gauni: achore vipande vya mbele, nyuma na mikono, ndipo aamue pindo lizunguke wapi na ua likae wapi. Sitara nayo ipimwe hapo hapo, kwani kitambaa kinachoangaza mwili hakiokolewi na uzuri wa rangi, kitahitaji bitana.

Akichagua batiki, rangi hafifu itangulie na iliyokolea ifuate, nta ikilinda kila sehemu isiyotakiwa kubadilika. Kipande cha majaribio kifuliwe kabla ya kukata, kwa maana pamba hunywea na rangi huchuja.

Lakini jambo zito zaidi ni amana. Kuchukua mchoro wa mwenzako kwenye simu, ukabadili rangi na kuutia jina lako, ni hiana, hata mwalimu asipogundua. Kujifunza si kuiba: nakshi za milango ya Lamu na Unguja zipo, na mishono ya mikeka ya bibi zetu ipo. Binti azitazame, aelewe zilivyopangwa, kisha atoe lililo lake. Aya za Qur'ani asizifanye mapambo ya vazi la kukaliwa na kufuliwa.

Kwa mzazi, nasaha yetu ni hii: lipa gharama unayoimudu, kisha mwombe binti akueleze kwa nini kila rangi na kila mstari vimekaa vilipo. Akijibu kwa ufasaha, jua kwamba amepata kazi ya mikono yake, nayo ni riziki ya halali.

Wabillahi tawfiq.