Ukimwi: Ni nani anayemfunza binti yako?

Muulize binti yako wa miaka 15 kama amewahi kusikia juu ya Ukimwi, na huenda akakucheka. Ameusikia tangu shule ya msingi. Lakini usiishie hapo. Je, mtu mwenye siha nzuri aweza kuwa na virusi? Mbu huambukiza? Na kula sahani moja na mgonjwa je? Maswali kama hayo, pamoja na yale ya kondomu na uaminifu kwa mpenzi mmoja, ndiyo ambayo wachunguzi wa afya nchini huyatumia kupima kama mtu anaufahamu ugonjwa huu sawasawa. Wanaousikia ni karibu wote. Wanaouelewa ni wachache kuliko hao.

Tofauti hiyo haiji kwa bahati. Uchunguzi wa kitaifa umeonyesha mara kwa mara kwamba msichana aliyefika sekondari ana ufahamu zaidi ya aliyeacha shule mapema, na wa mjini humzidi wa mashambani. Lakini sisi wa mjini tusijipige kifua. Yule yaya uliyemtoa kijijini akiwa na miaka 16 akulelee mtoto ni msichana pia, naye aliiacha shule huko huko. Je, umewahi kumwambia lolote zaidi ya kwamba chai imepoa?

Zamani kazi hii ilikuwa na wenyewe. Pwani palikuwa na somo, aliyemfunza mwari mambo ya mwili wake. Kwa Waluo wasichana walilala nyumbani kwa bibi mzee aliyeitwa pim, na mazungumzo ya usiku yalikuwa ndiyo shule. Sikumbuki mila hizo kwa kuzitamani zote, maana yako yaliyofunzwa humo ambayo ni heri yalivyokufa. Nasema tu kwamba mama hakulazimika kuyatamka mwenyewe. Leo somo hayuko, nyanya yuko mashambani, na mama bado anaona haya.

Shule nazo zilichelewa. Mgonjwa wa kwanza alijulikana nchini mwaka 1984, lakini serikali haikutangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa hadi Novemba 1999. Katikati ya miaka hiyo watu wazima walikuwa wakizozana. Mwaka 1996 Kadinali Maurice Otunga aliongoza uchomaji wa kondomu na vijitabu vya mafunzo hadharani jijini Nairobi. Sina shaka na nia yake, lakini mtoto aliyetazama moto ule alijifunza kwamba jambo hili haliulizwi.

Halafu tukawafunza kwa vitisho. Mtakumbuka mabango ya miaka hiyo: mtu aliyekonda, mifupa mitupu, na maneno kwamba Ukimwi unaua. Wengi waliokuwa wasichana wakati huo waliondoka na funzo moja, kwamba mgonjwa hujulikana kwa macho. Leo funzo hilo ni hatari zaidi. Anayetumia dawa barabara huishi miaka mingi akiwa mnene na mwenye furaha, na virusi vikipungua hadi visionekane kwenye kipimo, hamwambukizi mpenziwe. Wa kuogopewa ni yule ambaye hajapimwa kamwe, na huyo naye ana gari safi na mashati yaliyopigwa pasi. Ndiye mubaba anayewapa lifti wasichana wa shule.

Sasa sikiliza wasichana wakizungumza wenyewe kwa wenyewe. Wanachoogopa ni mimba. Rafiki humwambia mwenzake anunue P2 kwenye duka la dawa, naye akishaimeza hujiona amesalimika. Tembe hizo huzuia mimba tu, virusi havizijui. Rafiki yule hakudanganya, alisema alilolijua, na alikuwa wa pekee aliyekuwa tayari kusema.

Nawe baba usifikiri haya ni ya akina mama. Binti anayesikia babake akiwataja wagonjwa wa Ukimwi kwa dharau mezani amekwisha kufunzwa kwamba, likimpata, asije nyumbani. Hapo ndipo ujinga unapoua. Ziko dawa za kuzuia virusi kwa mtu aliyebakwa au aliyekuwa hatarini, zinazotolewa hospitalini na kumezwa kwa siku 28. Lakini sharti zianzwe kabla ya saa 72 kupita, na mapema zaidi ni bora. Saa hizo ni siku tatu. Msichana asiyejua kwamba dawa hizo zipo, au anayejua lakini anaogopa kuulizwa alikuwa wapi, huzimaliza siku hizo akiwa chumbani kwake, huku wewe ukidhani anasoma.