Sanduku la mama lifunguliwe mama angalipo

Na Rehema Singano

Ushauri wa kupunguza nguo umeshika kasi tena, redioni na kwenye simu zetu. Toa kila kilichomo kabatini, mwaga kitandani, na ambayo hukuivaa mwaka mzima itoke. Wengi wanamfuata Mjapani Marie Kondo, ambaye vitabu vyake na kipindi chake cha Netflix cha mwaka 2019 vimemwingiza katika nyumba za watu wa mataifa mengi: shika nguo mkononi, jiulize kama inakufurahisha, na kama haikufurahishi ishukuru kisha uiage. Sina ugomvi naye. Wengi wetu tunaishi chumba na sebule, na kabati linalomwaga nguo kila likifunguliwa linachosha roho. Ninachokataa ni kanga za mama zetu kutiwa katika hesabu moja na jinzi na masweta.

Jinzi ina saizi, ukinenepa imekukataa. Kanga haina. Kitambaa kile cha mita moja na nusu kilichomfunga bibi alipokuwa mwari kitamfunga mjukuu wake mwenye mwili mkubwa bila kuongezwa uzi. Sari ni vivyo hivyo: mita zake tano na ushei hazijui kiuno wala bega la mtu. Kinachobana miaka ikienda ni blauzi, na blauzi fundi anashona nyingine. Hiyo kanuni ya mwaka mmoja itapimaje vazi ambalo kazi yake ni kungoja? Kisutu, kwa wekundu, weusi na weupe wake, kinangoja harusi. Kanga kuukuu, iliyofuliwa mpaka ikawa laini, inangoja mtoto, kwani mpya ina wanga na inakwaruza, na mama wa Pwani hamfungi kichanga doti iliyotoka dukani jana. Ipo pia inayongoja msiba, ya kumsitiri mwenzetu anapooshwa. Kukaa miaka kumi bila kuvaliwa si ushahidi kwamba haina kazi.

Halafu kuna vipande visivyo na wenzake. Kanga huuzwa doti, vipande viwili vilivyoshikana. Unakata, unapinda, kimoja kiunoni na kingine begani au kichwani. Lakini wandani wawili wakipendana sana hununua doti moja wakagawana, kila mmoja na chake. Binti anayepanga kabati la mama yake atakiona kipande hicho na kukitoa mwanzo kabisa, maana hakitimii. Hajui kwamba cha pili kipo, kimekunjwa katika sanduku la mwanamke mwingine, labda mtaa wa pili, labda ng'ambo ya bahari. Kukishika mkononi na kujiuliza kama kinamfurahisha hakutamwambia lolote.

Wahindi, ambao mji wao wa Jetpur kule Gujarat huchapa kanga za soko letu, wamekaa na suala hili la nguo kuukuu muda mrefu kuliko sisi. Sari ya hariri ikiachwa kwenye mikunjo ileile miaka na miaka hukatika papo hapo penye mkunjo, na nyuzi zake za fedha huwa nyeusi. Kwa hiyo mwenye nayo huitoa, huipunga hewa kivulini, huikunja kwa mstari mwingine na kuifunga katika kitambaa cha pamba. Ikichakaa, wanawake wa Bengali huipanga juu ya sari kuukuu nyingine, wakazishona pamoja kwa sindano ya mkono mpaka zikawa blanketi, ndiyo kantha yao, na desturi ilikuwa uzi wenyewe kuchomolewa katika pindo za sari hizo hizo. Zisizo na maana kwao hubadilishwa mlangoni kwa sufuria; wanawake wa jamii ya Waghri wamefanya biashara hiyo ya nguo kuukuu kwa vyombo nyumba hadi nyumba. Mwaka 2015 wanawake wawili wa Bengaluru, Ally Matthan na Anju Maudgal Kadam, waliahidiana kuvaa sari siku 100 ndani ya mwaka, na kwa kila sari kueleza habari yake. Wenzao wengi wakaingia. Hawakupunguza kitu. Walivaa, wakasema.

Hilo la kusema ndilo ninalolililia. Shangazi yangu mmoja wa Pangani alitandika mkeka barazani, akatuita mabinti wa nduguze, akatoa kanga zake moja baada ya nyingine. Hii baba yenu aliniletea kwa mshahara wake wa kwanza wa mkonge. Hii nilimbebea huyu, ile nilimbebea mdogo wake. Moja ilikuwa na tundu la kuungua karibu na pindo, dogo kama punje ya kunde, kingo zake zimekakamaa. “Mwanangu, hiyo ni cheche ya chetezo,” aliniambia. Alikuwa akiifukiza udi alfajiri ya ndoa ya binti yake, akageuka kujibu hodi. Bila maneno yale mimi ningeona kanga iliyotoboka, na kesho yake ingekuwa kitambaa cha kufutia meza. Leo iko kwangu na sijaliziba tundu lile.

Simwambii mtu aweke kila kitu. Sare tunazoshonewa kila shughuli, harusi ya huyu na kicheni pati ya yule, nyingi hazina hata kumbukumbu, mpe anayezihitaji. Kanga na fulana za kampeni nazo zikapige deki. Ila tusisahau kwamba nguo zinazopunguzwa kwenye makabati ya Ulaya na Marekani ndizo tunazofungua kwenye marobota katika masoko ya Karume na Gikomba. Kutoa nguo si kuimaliza, kuna mtu atakayebaki nayo, na afadhali awe mtu mnayejuana naye.

Nanyi mabinti, msilifungue sanduku mama akiwa safarini, hata kama nia ni kumsaidia. Nimeona mama akirudi akakuta chumba kimepangwa vizuri, akakaa kitandani hana la kusema. Na akina mama, nawaomba kwa heshima, msitungojeshe mpaka siku ya arobaini, nguo zikagawanywa kwa nusu saa na watu waliochoka kulia, kila mmoja akichukua rangi aipendayo. Kipande kilichofichwa kwa mapenzi miaka arobaini kinaangukia mtu asiyejua alichoshika. Atakitoa mwakani, na hatakuwa na kosa, kwa sababu hakuna aliyemwambia.

Tafuteni mchana mmoja usio na shughuli. Mkeka, kivuli, chai, na mtu wa kuandika, kwa maana wajukuu husahau haraka kuliko wanavyodhani. Mama atoe mwenyewe, aseme mwenyewe, agawe anachotaka kugawa na arudishe ndani anachotaka kubaki nacho. Anzeni na vile vipande visivyo na wenzake, kwani wenye vya pili nao ni wazee.