Deni kwa Walioumia Vitani

Kila ifikapo tarehe 25 Julai taifa letu huwakumbuka mashujaa wake. Mkuki na ngao, sime, upinde na mshale na mashada ya maua huwekwa mnarani, tarumbeta hulia, na wengi wetu hapa Dodoma tumeyashuhudia hayo kwa macho yetu. Hatuna neno juu ya heshima hiyo, wafu wanaistahili. Neno letu ni juu ya walio hai: waliorudi na mguu mmoja, au bila macho, au na akili iliyovurugwa na mizinga, na ambao kesho yake husimama mbele ya dirisha la ofisi wakiulizwa, "Mzee, una karatasi gani?"

Tunaandika haya kwa sababu ya mzee mmoja wa parokia yetu. Hatumtaji jina, naye mwenyewe hapendi kutajwa. Alipigana vita vya Kagera akiwa koplo, akapoteza vidole vitatu vya mkono wa kulia, akajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Tangu alipostaafu, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kazi yake imekuwa kuwaandikia barua wenzake walioumia vitani, pamoja na wajane wao, ili wapate wanachostahili. Halipwi. Amekwenda Kongwa, Mpwapwa, Bahi, Manyoni na Kondoa, mara kwa basi, mara kwa baiskeli.

Tumemwona akifanya kazi. Haanzi kwa kuuliza mtu anataka fedha kiasi gani. Huuliza: kikosi chako kipi, namba yako ya jeshi ipi, nani alikuwa ubavuni pako siku ile, nani alikubeba, ulilazwa wapi. Kisha humtafuta huyo aliyembeba. Humpeleka kwa hakimu akale kiapo, hupeleka majeruhi kwa daktari ili kovu lielezwe kwa maandishi, na kila barua huiandika nakala mbili. Nakala moja hubaki kwake, ikiwa imegongwa muhuri na tarehe ya kupokelewa. "Barua isiyo na muhuri," hutuambia, "haikufika." Sanduku la bati lililo chini ya kitanda chake limejaa nakala hizo, na baadhi ya wenye majina yaliyomo wameshazikwa pasipo kujibiwa.

Walio na taabu kubwa zaidi ni waliokuwa mgambo. Majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera mwezi Oktoba 1978, jeshi letu lilipanuliwa kwa haraka, na makumi ya maelfu ya mgambo waliitwa kutoka vijijini na makazini. Walipanda malori wilayani mwao, wakapigana, na Kampala ilipotwaliwa tarehe 11 Aprili 1979 wengi walikuwa mbali sana na mashamba yao ya uwele na mtama. Askari wa kudumu alikuwa na jalada lake. Mgambo aliyerudi kijijini na mkongojo mara nyingi alikuwa na mkongojo tu. Sisi wengine tulizaliwa baada ya vita ile, na ni rahisi kwetu kudhani kwamba asiye na karatasi hakuwapo.

Jambo hili si geni katika nchi hii. Inasimuliwa kwamba mwaka 1964, Ujerumani Magharibi ilipokubali kuwalipa malimbikizo askari waliobaki hai wa jeshi la von Lettow-Vorbeck, wazee walikusanyika Mwanza, na wachache tu walikuwa na vyeti vyao vya mwaka 1918. Mlipaji akampa kila mmoja ufagio, akamwamuru kwa Kijerumani afanye gwaride kana kwamba ameshika bunduki. Hakuna aliyeshindwa. Waingereza nao waliwaaga askari wa Kiafrika wa vita vya pili vya dunia kwa malipo yaliyopimwa kwa rangi: hati zilizotangazwa mwaka 2019 zilionyesha kuwa mzungu aliweza kupata hadi mara tatu ya mwafrika wa cheo kile kile. Mkoloni alidhulumu kwa makusudi. Sisi twaweza kudhulumu kwa kupoteza faili tu, na mwenye mguu mmoja haoni tofauti.

Nasi wa Kanisa hatuna budi kukiri kosa letu. Mgambo mmoja wa upande wa Mpwapwa, aliyekatwa mguu kwa sababu ya bomu la ardhini, alikuwa akija kwetu kila mwaka wa njaa, nasi tulimpa debe la mahindi na kujiona wema. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikwisha kutuonya mwaka 1965 kwamba kilicho deni la haki kisitolewe kana kwamba ni zawadi ya huruma. Koplo wetu ndiye aliyeuliza swali ambalo sisi hatukuliuliza: kwa nini madai yake yalikataliwa? Ikaonekana kuwa jeshini aliandikwa kwa jina la babu yake, na kwenye kitambulisho kwa jina la ubatizo. Daftari la ubatizo lililokuwa kabatini mwetu, hatua chache kutoka ghala la mahindi, lilikuwa na majina yote mawili. Alilipwa akiwa na miaka zaidi ya sitini.

Wako watakaosema kuwa serikali haina fedha, na kwamba vita ile ilitufilisi sote. Ni kweli ilitugharimu. Wazee wanakumbuka walivyoambiwa wafunge mkanda kwa miezi kumi na minane, na baadhi yao hutania kwamba hawajaufungua hadi leo. Lakini aliyemwita kijana kwenye lori ndiye mwenye wajibu wa kujua alimpeleka wapi. Orodha zitafutwe wilayani na vikosini na wenye afya na mishahara, badala ya kumtuma kipofu akazitafute. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, wadai hutoka hata Kagera na Mtwara, na baadhi yao hulala kituo cha mabasi wakisubiri dirisha lifunguliwe. Parokia za mji huu zina vyumba.

Mzee wetu sasa amepita miaka sabini na macho yanafifia. Vijana wawili wa parokia wameanza kukaa naye kila Alhamisi baada ya Misa ya asubuhi, wakinakili yaliyomo sandukuni. Mwenye jeraha la vita, au mjane wake, aje siku hiyo na karatasi yoyote aliyo nayo. Asiye nayo aje na jina la mtu aliyekuwa naye siku ile.