Nakala Yetu, Mzigo Wetu

Aghalabu watu wakihitilafiana katika kazi ya pamoja, anayeondoka huondoka mikono mitupu. Katika programu huria za kompyuta sivyo. Madhali msimbo uko wazi na leseni inaruhusu, anayejitenga huchukua nakala ya kazi yote na kuiendeleza kwa jina jingine. Hiyo ni haki kubwa. Ni mzigo vilevile, na wale wapendao kusema "tuwe na yetu" hawajaupima.

Tutazame programu ya kazi za ofisi, OpenOffice.org, ambayo msimbo wake ulifunguliwa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 2000. Kwa uwazi huo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliweza kuitoa kwa Kiswahili mwaka 2004, ikaitwa Jambo OpenOffice. Mwaka 2010 Oracle iliinunua Sun. Wengi wa wajenzi wa programu hiyo waliingiwa na shaka, na tarehe 28 Septemba mwaka huo wakajitenga na kuanzisha LibreOffice chini ya taasisi yao wenyewe. Walifanya vyema: kampuni moja haikuweza tena kuizima kazi ya wengi.

Gharama nayo ikaja. Mwaka 2011 Oracle iliikabidhi OpenOffice kwa taasisi ya Apache, vikawa vyombo viwili katika bahari moja. Kwa tofauti ya leseni, LibreOffice iliweza kuchukua kazi ya Apache, lakini Apache haikuweza kuchukua ya LibreOffice. Wajenzi wengi wakawa upande mmoja, jina mashuhuri upande wa pili. Septemba 2016 mwenyekiti wa mradi wa OpenOffice alizungumzia hadharani uwezekano wa kuufunga, kwani watu wa kuziba nyufa za usalama hawakutosha. Karani asiyejua mfarakano huo aliendelea kutumia jina alilolizoea. Huyo ndiye tunayemhurumia.

Si kila utengano hudumu. Wajenzi wa io.js, walioachana na Node.js mwishoni mwa 2014, walirejea mwaka 2015 baada ya uongozi wa mradi kurekebishwa.

Basi idara inayotaka kujitengenezea nakala yake ijiulize: mtaalamu wa leo akishahamishwa, nani ataingiza marekebisho ya usalama mwaka wa tatu? Ikikosa jibu, iyapeleke mabadiliko yake kwa wajenzi wa asili, na fedha ziwasomeshe vijana wawili watatu watakaoshirikiana nao. Lakini isitie sahihi mkataba wowote unaoinyima haki ya kuondoka na nakala.