Kupima dawa kwa maji na joto: elimu ambayo mashariki mwa Congo isingoje

Kati ya mwezi wa kumi na mbili 2014 na mwezi wa nane 2015, wakaaji zaidi ya 1,000 wa Ituri, watoto wadogo wakiwemo, waliugua ugonjwa wa ajabu: shingo zilikakamaa, nyuso na ndimi zikajipinda zenyewe. Kwanza ilidhaniwa kuwa homa ya uti wa mgongo. Kumbe ni dawa. Vidonge vilivyouzwa kwa jina la diazepamu vilikuwa na haloperidoli, dawa ya wagonjwa wa akili. Kwa macho hakuna muuzaji wala muuguzi aliyeweza kuona tofauti, na miezi ilipita kabla ya vipimo vya ng'ambo kutoa jibu.

Kazi ya kugundua udanganyifu kama huo ni ya kromatografia. Dawa inayeyushwa, inasukumwa ndani ya bomba jembamba lililojaa chembe za silika, na kila kitu kilichomo kinatoka kwa wakati wake, kwa kuwa kimoja kinashikwa sana na chembe na kingine kidogo. Mashine ya kazi hiyo ni ghali, lakini ghali inayosahaulika ni ile ya kila siku. Kwa kawaida kinachosukuma dawa ndani ya bomba ni maji yaliyochanganywa na asetonitrili au methanoli. Vyote viwili ni sumu, vinaagizwa kutoka mbali, na taka zake haziwezi kumwagwa mtoni. Mwaka 2008 na 2009 asetonitrili iliadimika dunia nzima, hata maabara za Ulaya zikahangaika. Inatokana na mabaki ya viwanda vya plastiki. Viwanda vikipunguza kazi, nayo inapungua. Maabara ya Bunia au Bukavu inasimama wapi katika foleni ya namna hiyo?

Ndiyo maana kazi iliyofanywa Japani tangu miaka ya 1990 na kundi la Teruo Okano na Hideko Kanazawa inastahili kusomwa huku. Wao walipaka chembe za silika polima moja yenye tabia ya pekee. Chini ya nyuzi joto karibu 32, nyuzi zake hunywa maji na kunyooka. Joto likipita hapo, zinayatema maji, zinajikunja na kuanza kushika vitu vyenye tabia ya mafuta. Kwa hiyo anayepima habadilishi kimiminika, anabadilisha joto. Mwaka 1996 walionyesha kwamba steroidi zinaweza kutenganishwa kwa maji matupu. Faida nyingine ni kwamba protini na vitu vingine vya uhai, ambavyo methanoli huweza kuviharibu, vinapita katika maji bila kupoteza nguvu. Polima hiyo hiyo, ikipakwa kwenye sahani za maabara, inawezesha chembe hai zilizooteshwa juu yake kubanduka kama ngozi nyembamba pale sahani inapopozwa, lakini hiyo ni habari nyingine.

Bukavu ina sababu yake ya kusikiliza. Ni mji unaojua kinini: kiwanda cha Pharmakina kimeitoa kwa miaka mingi katika maganda ya mti wa kinkina. Ganda hilo lina alkaloidi kubwa nne, na mbili kati yake, kinini na kinidini, zina atomi zilezile na uzito uleule. Zinatofautiana kwa namna tu atomi zilivyopangwa. Kinini inapiganisha malaria, kinidini ni zaidi dawa ya moyo. Mtaalamu asiyejua kutenganisha hawezi kusema ana nini mkononi.

Wapo watakaosema kwamba sanduku la Minilab, linalotumia kromatografia ya bamba, linatosha. Linasaidia kweli, na ni rahisi. Lakini nalo linataka viyeyusho vya kuagizwa, na kidonge chenye dawa pungufu kidogo linaweza kukipitisha.

Njia ya Wajapani nayo haijakamilika. Vitu vyenye mafuta mengi vinakawia bombani, na dawa zenye chaji ya umeme zinadai polima iliyoongezewa vitu kama asidi ya akriliki. Bomba lenyewe halipatikani katika kila duka la vifaa. Pampu inataka umeme usiokatika. Tena kuna jambo la hewa: Bukavu kuna baridi ya kutosha, bomba litapashwa tu, lakini Kindu au Kisangani saa nane mchana joto la chumba linasogelea lile la polima kugeuka, na bila kifaa cha kushikilia joto vipimo vya asubuhi na vya mchana havitafanana.

Hayo ni matatizo ya kufanyiwa kazi, tena na watu wa hapa. Vitivo vya famasia vya mashariki, kikiwemo cha Université Officielle de Bukavu, vinaweza kuwapa wanafunzi wa mwaka wa mwisho kazi hii: kupaka silika, kujaza bomba, kupima kidonge cha sokoni kwa maji. ACOREP, mamlaka ya taifa ya kusimamia dawa, iwaletee sampuli na iyasome majibu yao. Vidonge vinaingia kila siku kwa barabara, kwa boti na kwa ndege. Sampuli inayosubiri safari ya kwenda ng'ambo inasubiri huku dawa ikiendelea kuuzwa.