Ndoa Hufungwa kwa Lugha Gani?

Watu wa Nyeri wa rika langu, na walionitangulia, bado husema kwamba fulani na fulani "walioana kwa DC". Cheo cha mkuu wa wilaya kilibadilika baada ya Katiba ya 2010, afisi zikapakwa rangi mpya na vibao vikaandikwa upya, lakini msemo umekataa kustaafu. Vijana nao wana dhana yao. Kwa kuwa kibali cha duka, ada ya soko na ya maegesho hulipwa kwa kaunti, wao huamini kwamba ruhusa ya kuoana nayo hutolewa na kaunti. Ndivyo alivyoamini mpwa wangu, binti wa dada yangu, aishiye Skuta, nje kidogo ya mji wa Nyeri, pale yeye na mchumba wake walipoamua kuomba kile alichokiita "leseni ya ndoa".

Walipanda matatu asubuhi hadi mjini, wakaingia katika afisi za kaunti. Karani mmoja mwenye adabu akawaeleza kwamba wamepotea njia: ugatuzi ulioanza mwaka wa 2013 haukuhamisha usajili wa ndoa, na msajili angali chini ya Mwanasheria Mkuu wa serikali ya kitaifa. Aidha, maombi yenyewe siku hizi huanzia katika mtandao wa eCitizen. Basi wakaenda kwenye saiba.

Hapo ndipo kisa hiki kinaponihusu mimi kama mwanaisimu. Kijana wa saiba aliwauliza swali moja tu: "Wazee wameshakutana?" Wakasema naam, wazee walikwenda kupanda ithigi, lile tawi ambalo katika mila za Agikuyu huashiria kwamba msichana ameposwa. "Basi yenu ni ya kimila," akasema, akabonyeza, akajaza, akatoza ada yake na kuchapisha karatasi. Karatasi zote zilikuwa za Kiingereza kitupu. Mpwa wangu alimaliza Kidato cha Nne na mchumba wake ni fundi wa magari. Kiingereza chao chatosha kuulizia bei ya vipuri na kufuata habari za redio. Cha kufasiri hati ya sheria ni kingine kabisa, na wasomi wengi tungekiri hivyo kama tungekuwa wakweli. Jioni walipita kwangu ili niwasahihishie tahajia ya majina. Nilipofika mahali pa kutia sahihi nikasita, kisha nikawasomea kwa Kiswahili yale waliyokuwa karibu kuyathibitisha.

Walikuwa wakitangaza kwamba taratibu zote za ndoa ya Kikuyu zimekamilika. Hazikuwa zimekamilika. Ruracio haikuwa imeanza kutolewa, na kuchinjwa kwa kondoo wa ngurario kulikuwa mbali kama kilele cha Kirinyaga. Katika kitabu chake cha 1968 kuhusu sheria za kimila za ndoa nchini Kenya, Eugene Cotran aliihesabu ngurario miongoni mwa mambo ambayo bila hayo hakuna ndoa ya Kikuyu, na mahakama zetu zimemrejelea mara nyingi. Sheria ya Ndoa ya 2014 imelegeza kamba kidogo, kwa kuwa kifungu cha 43 kinasema kwamba pale mahari yanapohitajika, kiasi kidogo cha kuonyesha nia chatosha kuithibitisha ndoa. Lakini hata hicho kidogo hakikuwa kimetolewa. Wangetia sahihi, wangekuwa wameanza maisha yao kwa kauli isiyo ya kweli mbele ya serikali, bila wao wenyewe kujua.

La pili lilikuwa zito zaidi. Kifungu cha 6 cha sheria hiyo kinasema kwamba ndoa ya Kikristo, ya Kihindu na ya kiserikali ni ya mke mmoja, ilhali ile ya kimila na ya Kiislamu huchukuliwa kuwa ya wake wengi au inayoweza kuwa ya wake wengi. Niliposoma hapo mpwa wangu akaniuliza, "Mjomba, yaani karatasi hii inamruhusu kuongeza mwingine?" Nikamjibu kwamba inamwachia mlango wazi, kuupita au kutoupita ni juu yake. Mchumba wake aliinama, akawa anakunja na kukunjua ukingo wa karatasi. Binti hakukasirika. Alichotaka kujua ni nani aliyemchagulia ndoa ya aina hiyo. Jibu ni kwamba alichaguliwa na kijana wa saiba, kwa kubonyeza mara moja, huku wateja wengine wakingoja zamu zao.

Wasomaji wenye kumbukumbu watakumbuka kwamba mnamo Machi 2014, wabunge wanaume walipoiondoa katika mswada haki ya mke kuridhia au kupinga mumewe kuoa mwingine, wabunge wanawake walitoka ukumbini kwa hasira. Tarehe 29 Aprili mwaka huo Rais Uhuru Kenyatta aliutia mswada sahihi. Nchi nzima ilibishana kwa wiki kadhaa. Sebuleni kwangu, zaidi ya miaka 10 baadaye, ubishi wote ule ulikuwa umegeuka kisanduku kimoja katika fomu, na mwenye kuhusika zaidi hakuwa amekisoma.

Nisieleweke vibaya. Sina neno na ndoa ya kimila, na nilifurahi usajili wake ulipoanza tarehe 1 Agosti 2017. Kabla ya hapo mama aliyetolewa ruracio yote hakuwa na karatasi yoyote mkononi, ila kumbukumbu za wazee, na wazee hufa. Ninachokitilia shaka ni ridhaa. Katiba, katika kifungu cha 45, inaijenga ndoa juu ya ridhaa huru ya wanaooana, na Sheria ya Ndoa inaiita muungano wa hiari. Mtu anaridhiaje asichokielewa? Kifungu cha 7 cha Katiba hiyohiyo kimetamka kwamba lugha rasmi za Jamhuri ni Kiswahili na Kiingereza. Na ni Kiswahili kilichotajwa kwanza.

Tuyatazame maneno yenyewe, maana maneno ndiyo mali yangu. Mpwa wangu aliomba "leseni". Leseni ni ruhusa: ya kuendesha gari, ya kuuza pombe. Anayeitoa ana uwezo wa kuinyima. Kwa ndoa ya kiserikali, hata hivyo, jambo la kwanza ambalo sheria inataka ni wawili hao kumpa msajili ilani, si chini ya siku 21 wala si zaidi ya miezi mitatu kabla ya kuoana, ili anayejua kizuizi ajitokeze na pingamizi. Serikali hapo haikupi mke. Inawauliza majirani kama kuna alijuaye jambo. Na neno "ilani" kila mwanafunzi wa sekondari analijua, kwa kuwa tunamfundisha kutofautisha ilani, tahadhari, onyo na tangazo, kisha tunamtahini. Kwa miaka 12 anajifunza Kiswahili, tangu darasa la kwanza, halafu siku ya kutoa ilani iliyo kubwa kuliko zote maishani mwake anakabidhiwa karatasi ya lugha nyingine.

Tena tunachanganya arusi na ndoa. "Tutafunga ndoa baadaye, tukipata pesa," husema vijana walioishi pamoja miaka sita na kupata watoto wawili. Wanachomaanisha ni arusi: hema, keki na magari yenye maua. Ndoa yaweza kufungwa bila hata kikombe cha chai, mradi wawepo mashahidi wawili. Sijui ni nyumba ngapi zimebaki bila cheti kwa sababu ya mkanganyiko huu wa maneno mawili, lakini nawajua wengi wanaoishi hivyo, wakiwemo walimu wenzangu.

Hao hawajui kwamba ardhi imesogea chini ya miguu yao. Tangu kesi ya Yawe ya mwaka wa 1976, mahakama zilikuwa tayari kukisia ndoa pale watu walipoishi pamoja muda mrefu na kujulikana kama mume na mke. Tarehe 27 Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema kwamba dhana hiyo itumiwe kwa nadra, na kwamba anayedai ndoa ndiye mwenye mzigo wa kuithibitisha. Hukumu hiyo nayo iliandikwa kwa Kiingereza. Mjane wa Skuta atakutana nayo siku atakapokwenda kwa chifu kutafuta barua ya urithi na kukuta shemeji zake wamemtangulia. Majirani zetu wa Tanzania wameandika katika kifungu cha 160 cha Sheria yao ya Ndoa ya 1971 muda unaojulikana, miaka miwili au zaidi, ndipo dhana ya ndoa izingatiwe. Sisi hatuna idadi yoyote.

Nimekwisha kuzisikia hoja za wanaopinga. Ya kwanza ni kwamba Kiswahili hakina istilahi za sheria. Hoja hii imechakaa. Mahakama za mwanzo za Tanzania zimekuwa zikiendeshwa kwa Kiswahili kwa miongo mingi, na mwaka wa 2021 nchi hiyo ilibadilisha sheria yake ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Watu wamefunga ndoa na kutalikiana kwa Kiswahili huko, na maneno hayakuwapungukia.

Hoja ya pili inaniumiza kichwa zaidi, nami sitaikwepa. Nyeri si Mombasa. Nyanya yake mpwa wangu hasemi Kiswahili ila cha sokoni, na kifungu cha 45 kinataka tangazo la ndoa ya kimila liwe na sahihi au alama za mashahidi wawili watu wazima waliotekeleza jukumu muhimu katika mila hizo. Aghalabu hao ni wazee kama yeye. Kumsomea kwa Kiswahili badala ya Kiingereza ni kumtoa gizani na kumweka machweoni. Kwa hiyo naomba zaidi: fomu iwe na Kiswahili na Kiingereza bega kwa bega, na afisa aisome kwa sauti, kwa lugha ya shahidi, kabla ya kidole gumba kugusa wino. Kazi hiyo haizidi robo saa.

Mpwa wangu na mchumba wake walitoka nje wakazungumza uani kwa muda mrefu. Sikuwasikia, wala sikutaka kuwasikia. Waliporudi walisema wataomba ndoa ya kiserikali, na ada iliyokwisha kulipwa ihesabiwe hasara. Siku 21 zikaanza upya.

Mimi nilichukua nakala ya fomu isiyojazwa nikaipeleka darasani, nikawataka wanafunzi wangu waitafsiri. Mwalimu yeyote wa Kidato cha Tatu aweza kufanya vivyo hivyo. Walikwenda kasi hadi walipolifikia neno ambalo kwa Kiingereza huwataja wawili hao kwa pamoja, bila kujali nani mume na nani mke. Kiswahili chetu husema mwanamume huoa na mwanamke huolewa: mmoja mtenda, mwingine mtendwa. Katiba, kwa upande wake, inawapa wote wawili haki sawa wakati wa kuoana, ndani ya ndoa na inapovunjika. Mwanafunzi mmoja akapendekeza "wahusika", akachekwa kwamba hao ni wa riwaya. Mwingine akasema "maarusi", wa tatu akasema "waoanaji", neno ambalo hakuna aliyewahi kulisikia. Msichana wa safu ya nyuma akauliza kwa nini tusiandike tu "sisi tunaotaka kuoana", kwa kuwa kauli ya kutendana hubeba wote wawili bila kumweka mmoja juu ya mwenzake. Kengele ililia tukiwa bado tunabishana, na nusu ya darasa ilikataa kutoka.