Ufunguo unaokufa wenyewe

Leo nawaandikia kutoka Ukunda, na kosa ni langu.

Mteja wangu mmoja wa Diani ana nyumba za wageni. Nilipomtengenezea programu, niliacha ufunguo wa kudumu wa seva zake za wingu ndani ya kodi, kisha nikaiweka kodi hiyo hadharani kwenye intaneti. Mtu akauokota, akawasha mashine usiku kucha. Bili ikamfikia mteja, si mimi.

Jamani waprogramu, tuache funguo za kudumu! Hoteli zimetushinda: mgeni hupewa kadi ya chumba chake tu, na siku zake zikiisha, kadi inakufa. Huduma ya STS ya Amazon ni vivyo hivyo. Programu huomba ruhusa ya kazi fulani, ikapewa ufunguo wa muda, kwa kawaida dakika 60. Waweza kupanga kuanzia dakika 15 hadi saa 12. Waliounganisha M-Pesa kwa Daraja wanaijua tabia hii, maana tokeni yake pia haipiti saa nzima.

Mtasema ni usumbufu. Lakini anayeomba upya ni programu, si wewe. Mwizi akiuiba, ameiba barafu.

Kagueni kodi zenu leo. Mimi deni la mteja nalilipa kidogo kidogo.